Kutoka Mbagala mpaka Nyarugusu: vyerehani, kuni na karatasi ya kutoka

Tumesharudi Dar, na watu wa kikundi wananipigia kila siku nisimulie, kwa hiyo naandika hapa mara moja wasome wote. Nimeunga kutoka kwenye daftari langu la vipimo vya wateja, ndilo nililokuwa natembea nalo, na picha za kwenye simu ambazo nyingi ni za mikono na vitambaa tu, sababu nitaisema mbele.

Kwa asiyetujua, sisi ni kina mama mafundi cherehani wa Mbagala, kazi yetu kubwa ni sare za shule, na siku hizi tunashona pia pedi za kufua za wasichana wa sekondari. Shirika moja linalofanya kazi na wasichana kwenye kambi za wakimbizi Kigoma liliziona kwenye maonyesho wakatuomba twende Nyarugusu tukawafundishe mafundi wa kule washone wenyewe. Nikakubali hapohapo. Nimekua nikisikia habari za wakimbizi kwenye redio tangu niko mdogo, na Nyarugusu yenyewe ipo tangu 1996, walipovuka Ziwa Tanganyika Wakongo waliokimbia vita Kivu Kusini. Mimi naizeesha nyumba yangu Mbagala na wao wapo palepale.

Kabla sijaanza, jambo moja kwa anayefikiria kwenda: kambini huingii kwa kujisikia. Kibali kinatoka Wizara ya Mambo ya Ndani, Idara ya Huduma kwa Wakimbizi, na majina yaandikwe kama yalivyo kwenye kitambulisho herufi kwa herufi. Anza mapema sana. Sisi shirika ndo lilihangaika na hilo, bila wao tusingefika hata getini.

JUMAMOSI, Dar – Dodoma

Vyerehani vilitangulia kwa lori siku kadhaa nyuma, vya kukanyaga kwa mguu vyote maana umeme ni wa kubahatisha kule. Sisi tukabaki na mabegi ya flaneli, taulo, vishikizo vya kubana na nyuzi. Bajaji kutoka Zakhem, hapohapo Mbagala, mpaka stesheni ya SGR, ile treni mpya ya umeme, elfu kumi na tano alfajiri, dereva alitaka ishirini, tulipomwambia tunaenda wapi akashusha mwenyewe akatubebea na mabegi hadi mlangoni. Mungu ambariki yule kijana.

Treni ya kawaida Dar–Dodoma elfu thelathini na moja. Safi, kimya, inaondoka kwa saa yake. Ukiwa na mzigo mkubwa uliza kwanza utaratibu wao wa mizigo, usifike nao tu stesheni. Dodoma tulilala gesti ya elfu ishirini na tano karibu na stendi, upepo wa usiku ule sijui niseme nini, tulijifunika flaneli za pedi.

JUMAPILI, Dodoma – Kasulu

Basi alfajiri, njia ya Manyoni, Itigi, Tabora, Urambo, Kaliua, Uvinza, halafu unapanda Kasulu. Ukiwa na haraka kidogo hii ndo njia, maana ile treni ya zamani ya Reli ya Kati mpaka Kigoma ni bei rahisi lakini usiku na mchana wake si wa kuhesabu.

Kupita Itigi mkanda wa injini ukakatika. Pale ni msitu wa vichaka tu pande zote, jua la saa sita, basi halina maji ya kunywa, konda kapanda boda kufuata spea na hakuna anayesema atarudi saa ngapi. Kulikuwa na mama mmoja anashukia Urambo ana ndoo ya viazi vitamu vya kuchemsha anapelekea wajukuu, akaifungua ikazunguka basi zima, watoto kwanza. Nikamwambia mama sasa wajukuu? Akasema "wajukuu wana mama yao, hawa hapa wana nani?" Tulikaa hapo mpaka vivuli vikaanza kurefuka.

Tabora nunua asali, chupa za barabarani onja kwanza. Daraja la Malagarasi tulipita giza limeshaingia sikuona kitu. Kasulu tukafika usiku mnene na baridi yake, mzee wa shirika alikuwa bado anatusubiri stendi na gari, amekaa tangu jioni.

JUMATATU, Kasulu

Siku ya kusubiri. Karatasi zetu zinapitishwa, sisi tukaenda sokoni. Kasulu ni kijani, vilima, migomba, maharage ya njano ya kila aina, mawese kwenye madumu, dagaa. Tulikula ugali wa muhogo na migebuka ya kukaanga elfu nne sahani, na mama ntilie aliposikia tunakwenda kambini akavuta stuli akakaa. Yeye Muha, kabila la hapo Kigoma, mzaliwa wa hapo. Akatuambia zamani siku za soko wakimbizi na wenyeji walikuwa wanauziana, yeye alikuwa ananunua kwao mafuta na unga na wao wananunua ndizi zake, biashara ilivyobanwa na yeye kaumia. Alisema wazi pia kwamba miti imekwisha upande wa Makere, kijiji cha jirani na kambi, na watu wana hasira na hilo. Nimeyaandika yote mawili maana aliyasema kwa pumzi moja.

Ushauri: toa hela Kasulu mjini, nunua maji na vocha huko. Beba sweta.

JUMANNE, siku ya kwanza kambini

Kutoka Kasulu unakwenda kama saa moja na kitu, unapita Makere unaingia kwenye vumbi. Vumbi jekundu, laini, linaingia kwenye simu, kwenye meno, kwenye bobini. Getini wanahesabu watu, wanaangalia kibali, wanaandika namba ya gari. Picha za watu hupigi bila ruhusa, na nilivyokaa nao nikaona ni haki kabisa, kuna watu pale wamekimbia watu wengine, sura yake ikisambaa mtandaoni anaweza kupata matatizo.

Nilitegemea mahema. Upande wa Wakongo nyumba nyingi ni za tofali za udongo walizofyatua wenyewe, nyasi juu au turubai lililochakaa la UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, kuna migomba, kuna mapapai yamezaa na kuzaa tena. Ni mji. Zaidi ya watu laki moja, umegawanywa kwa zoni, vijiji na klasta, mtu akikuelekeza kwake anakutajia hizo na namba ya nyumba. Upande mwingine wapo Warundi, wengi wao waliingia kuanzia 2015 kule kwao kulipochafuka kwa ajili ya urais wa Nkurunziza, na mwaka ule walikuja kwa wingi mno mpaka Kagunga kwenye ufukwe wa ziwa kipindupindu kikazuka, meli ya Liemba ikawa inawasomba kwenda Kigoma mjini. Mzee dereva wetu alikuwepo. Anasimulia akiangalia mbele tu, mikono kwenye usukani.

Darasa letu lilikuwa banda la mabati. Wanawake thelathini na kitu, nusu Wakongo nusu Warundi. Kiswahili cha Wakongo tunaelewana vizuri, wana kwao "tuko tunafanya", "banatuambia", unazoea baada ya saa moja. Kwa Warundi alitafsiri binti wa shirika ambaye ni Muha, Kiha na Kirundi wanasikilizana bila shida.

Nikaanza kueleza patani. Kufika katikati mama mmoja wa Fizi, kule Kivu Kusini, mtu mzima, kitenge amekifunga vizuri sana, akaomba mkasi kwa adabu kabisa. Akakunja flaneli ikawa tabaka nne, akakata pedi nne kwa mkato mmoja bila chaki, zote sawa, kisha akakaa kwenye cherehani akageuza pindo ndani ili mshono usimguse mtoto wa kike pajani. Sisi Mbagala tunaipinda kwa nje. Nikamwambia mama umeshona miaka mingapi, akasema tangu Fizi, na hapa amefundisha mabinti ambao sasa wana mabinti. Kuanzia pale darasa likawa la wote, mimi nafundisha vishikizo na kitambaa kisichopitisha maji, yeye anafundisha pindo.

Mchana wakati wa kupumzika akaniuliza: "Mama, nyiye mukitoka hapa munaenda popote?" Nikasema ndio. Akasema kuna mwenye duka Kasulu aliwahi kuona mashati yake akataka oda ya sare za shule nzima. Kwenda kupima watoto anahitaji karatasi ya kutoka kambini, karatasi ina siku zake na sababu zake, na kwenda kufanya biashara si sababu. Oda ikaenda kwa mtu mwingine. Hakuongeza neno, akarudi kwenye cherehani.

Nimelifikiria hilo kila siku tangu hapo. Sheria yetu ya Wakimbizi ya 1998 inataka mkimbizi akae eneo alilopangiwa na asitoke bila kibali, na ukikaa pale hata siku chache unaona kila shida nyingine inatokea humo: chakula, kuni, sabuni, hela ya daftari.

Saa kumi na moja jioni lazima gari za mashirika ziwe zimetoka.

JUMATANO, siku ya mgao

Darasa lilianza limepungua, wengi wako kwenye mgao wa chakula. Tukaruhusiwa kwenda kuangalia, simu mfukoni.

Foleni imepangwa kwa ukubwa wa familia. Kadi, alama ya kidole, unaingia, unatoka na unga wa mahindi, maharage au dengu, unga wa uji wa lishe, mafuta, chumvi. Vijana wanabeba magunia ya wazee kwa malipo ya kikombe cha unga. Pembeni akina mama wanafagia ardhi kuokota maharage yaliyomwagika, wanapepeta, wanatia kwenye ncha ya khanga.

Kipimo kamili kinachokubalika kimataifa ni kilokalori 2,100 kwa mtu kwa siku. WFP, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, likikosa hela za wafadhili, kipimo kinakatwa, na kilishawahi kukatwa mara nyingi, mwaka 2023 kilifika nusu. Nusu maana yake nini nilielewa nyumbani kwa yule mama wa Fizi, alitualika baada ya darasa. Akatandika turubai chini akamwaga maharage yote ya mwezi, akayagawa kwa kiganja mafungu manne, wiki nne. Kisha akachota kutoka kila fungu kidogo kidogo akatengeneza fungu la tano. Lile la tano ni la kuuza. Nikauliza kwa nini uuze na hayatoshi? Sabuni, kuni, kalamu, na muhogo, maana kwao wanakula ugali wa muhogo na sombe, yaani kisamvu, mahindi matupu mwezi mzima mzee wake tumbo linakataa. Mwanae wa kiume akayatazama yale mafungu akasema, "Ya nne ni ndogo." Mama akasema ya nne huwa ndogo.

Na bado walitupikia. Sombe ya mawese na ndagala (dagaa) wachache, wakatuwekea sisi ndagala wote. Mwenzangu akataka kukataa nikamgusa mguu, tukala, tukashukuru. Wakati wa kuondoka tukaacha sukari na sabuni tuliyokuwa nayo kwenye begi.

Palikuwepo kipindi walikuwa wanapewa hela badala ya chakula, mpango ulianza mwishoni mwa 2016 na serikali ikausimamisha 2017. Mama anaukumbuka vizuri kuliko kitu chochote, anasema mwezi ule wa kwanza alinunua muhogo na samaki mbichi, na mwenye kuuza alikuwa mwenyeji wa Makere.

ALHAMISI, kuni na kamba ya kuanika

Asubuhi tulipishana nao njiani, wanawake na wasichana wanarudi na mizigo ya kuni kichwani, wametoka kabla ya alfajiri. Wanatoka nje ya kambi maana ndani hakuna tena hata kijiti, wanatembea masaa, na huko porini wengine hupigwa, hunyang'anywa panga, hubakwa. Binti mmoja wa Kirundi darasani alikuwa na jeraha la panga kwenye kisigino, alisema ni kuni, akanyamaza, mtafsiri naye akanyamaza. Sikuuliza zaidi.

Nilizungumza pia na mzee mwenyeji tuliyempa lifti kwenda Makere, shikamoo, marahaba, akaonyesha kwa mkono: hapa kulikuwa na miombo mpaka kule. Hana chuki na mtu, alisema "na mimi ningekuwa mimi ningekata." Chakula kinaletwa kibichi, maharage yanachemka masaa matatu, kuni haziletwi. Sijui niliweke vipi hili lieleweke zaidi.

Kazi ya siku ilikuwa kufundisha kufua na kuanika. Hapo ndo tulijifunza. Pedi ya kufua inataka maji, sabuni na jua. Maji ya bomba yanatoka kwa saa zake, madumu yanapanga foleni yenyewe yamefungwa kamba, msichana anapata dumu moja la nyumba nzima. Sabuni ya mgao haitoshi. Na jua lipo lakini kamba ya kuanika ni ya klasta nzima, kaka zake, jirani, wanaume wanaokaa hapo mchana kutwa hawana kazi, nani ataanika pedi hapo? Wanazisukuma chini ya godoro zinabaki na unyevu, zinawasha, zinaleta maradhi. Mabinti wenyewe wakatoa jibu: pedi ishonewe kwa kitambaa cheusi au cha maua, na juu ya kamba itupwe leso nyembamba, inaonekana leso tu na jua linapita. Mama wa Fizi akashona mfuko wenye mfano wa leso, pedi zinabanwa ndani. Huo mfuko nimeupiga picha, tutaushona na Mbagala, maana nyumba zetu za kupanga zina kamba moja pia.

Jioni nilichungulia shule iliyo jirani. Watoto wa Kikongo wanasoma mtaala wa Kongo, kwa Kifaransa, kwa ajili ya kurudi nchi ambayo wengi wao hawajawahi kuiona. Dawati la watatu wamekaa watano.

IJUMAA, siku ya mwisho

Kila mwanafunzi alitoka na pedi zake alizoshona mwenyewe. Vyerehani vimebaki kwenye kituo cha wanawake, sio kwa mtu mmoja, walikubaliana zamu.

Wakati wa kukunja vitambaa ndo watu waliongea. Upande wa Warundi kila mazungumzo yanaishia kwenye kurudi. Urejeshaji wa hiari ulianza 2017, watu zaidi ya laki moja wameshaondoka, kambi ya Mtendeli ilifungwa 2021 waliobaki wakahamishiwa kambi nyingine ya Nduta. Mmoja aliniambia kwa kupitia mtafsiri: wenye shamba kule warudi, mimi shamba langu lina mtu mwingine ndani.

Upande wa Wakongo neno ni Marekani. Familia nyingi zilikuwa kwenye foleni ya kuhamishiwa huko, wameshahojiwa, wameshapimwa afya. Januari 2025 Marekani ikasimamisha mpango wake wote wa kupokea wakimbizi. Dada mmoja wa darasa langu alikuwa ameshauza sufuria, godoro na bati, amegawa kuku, amewaaga majirani. Sasa anapikia sufuria ya kuazima. Alinionyesha begi lao, limefungwa bado, hataki kulifungua kwa sababu watoto watajua.

Nchi hii imepokea watu tangu hatujazaliwa, Mwalimu Nyerere alipewa Tuzo ya Nansen, ile ya Umoja wa Mataifa kwa wanaosaidia wakimbizi, 1983, na 2014 Warundi wa zamani, wale waliokimbilia huku mwaka 1972, zaidi ya laki moja na nusu wakapewa uraia, leo ni wakulima wa makazi yao ya zamani ya Katumba na Mishamo wanatulisha. Tunajua namna ya kufanya. Ninaumia kuona fundi anayenizidi mimi anakatazwa kwenda kupima watoto sare kwenye mji wa jirani.

Kurudi

Kasulu–Tabora–Dodoma–Dar, hakuna la kusimulia, basi lilikwenda vizuri tukalala njia nzima. Nauli ya Kasulu–Dodoma kwenda na kurudi niliandika laki moja na arobaini kwa mtu, chakula njiani kama elfu kumi na tano kwa siku, gesti ya Kasulu elfu thelathini yenye maji ya moto na ukiwa na baridi kama yangu hiyo ya maji ya moto ndo uulize kwanza.

Kwa mafundi wenzangu mnaotaka kuchangia safari ijayo, orodha aliyonipa mama wa Fizi ni hii: sindano namba 16, zile namba 14 zinavunjika kwenye taulo. Bobini za cherehani ya mguu. Mafuta ya mashine, vumbi linaua mashine zao. Flaneli ya rangi za kiza, nyeupe msilete. Sabuni ya mche, nyingi kuliko kitambaa, bila sabuni pedi zetu hazina kazi. Mitumba hawakuomba. Tunakusanya kwa mwenyekiti wa kikundi Jumamosi na Jumapili, na lori linaondoka kabla mvua hazijakolea maana ile barabara ya kuingia kambini ikilowa gari hukwama. Na kama kuna mtu ana uzoefu wa kuomba kibali cha wakimbizi kupeleka bidhaa zao nje ya kambi, hata maonyesho tu ya Sabasaba, anitafute, maana yale mashati nimeyaona kwa macho yangu na wanunuzi Dar wapo.